Tofali za saruji kwa ukuta mdogo wa bustani: nazipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kuacha

Mtu akitaka kujenga kaukuta ka bustani, kale ka kuzungushia maua au kuzuia udongo usishuke na mvua au kuonyesha tu kwamba bustani inaishia hapa, mara nyingi anaenda kwa muuza tofali na swali moja, tofali moja bei gani, akijibiwa anaomba apunguziwe, wakielewana gari linapakia. Swali la kwanza lilitakiwa liwe hizi tofali zimefyatuliwa lini na zimemwagiliwa maji siku ngapi. Mimi hilo naliweka juu ya kila kitu, juu ya saizi, juu ya aina, juu ya bei, kwa sababu tofali la inchi 5 lililoiva vizuri litakaa bustanini miaka na miaka, na tofali la inchi 9 lililofyatuliwa juzi likaachwa juani bila maji linaanza kumeguka pembe hata kabla fundi hajamaliza kozi ya pili, yani mstari wa pili wa tofali.

Ngoja nieleze kwa nini maana hapa ndo watu wanapigwa. Saruji haishiki kwa kukauka, inashika kwa maji, yani ile saruji inakula maji na kutengeneza mshiko unaobana mchanga na kokoto, sasa maji yakiisha ndani ya tofali mapema basi kazi nayo inasimama pale pale na hata ukija kulimwagilia wiki mbili baadae hairudi vile ilivyotakiwa kuwa. Ndo maana tofali zuri linaanza kumwagiliwa kesho yake baada ya kufyatuliwa, angalau siku 7 mfululizo, kivulini au limefunikwa nailoni au magunia yaliyolowa, na nguvu yake inapimwa likifika siku 28. Halafu kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii, tofali changa linasinyaa kadiri linavyopoteza maji, likisinyaa likiwa kwenye yadi hamna shida, likisinyaa likiwa tayari limejengwa linavuta mota, yani ule udongo wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali, na unapata zile nyufa za ngazi ngazi zinazofuata viungo, fundi analaumiwa na msingi unalaumiwa kumbe tofali zilikuwa za wiki moja.

Kwa hiyo ukisoma orodha yangu huko chini jua kwamba kila tofali nililoweka linahesabiwa kuwa limeiva. Namba moja bichi ni baya kuliko namba sita iliyoiva.

Kwanza ujue ukuta wako unafanya kazi gani

Huwezi kupanga tofali ipi bora bila kujua ukuta unasukumwa na nini. Ukuta wa bustani ni tofauti na ukuta wa nyumba, ukuta wa nyumba umeshikwa na kuta zenzake pembeni na paa juu na unalowa upande mmoja tu tena una plasta, huu wa bustani umesimama peke yake, unalowa mbele nyuma na juu, na chini umekaa kwenye udongo unaomwagiliwa kila siku. Mtu anauona mdogo anaupa tofali za mwisho zilizobaki, wakati ndo unaoteseka zaidi.

Kuna wa kwanza, mfupi wa magotini, wa kuzungushia tuta la maua, huo hausukumwi na chochote cha maana. Wa pili umesimama wazi mpaka kiunoni au kifuani, huo adui yake ni upepo na mtu anayeuegemea, na ukiuongeza urefu kwenda juu mara mbili ile nguvu ya kutaka kuuangusha toka chini inakuwa mara nne, sio mara mbili. Wa tatu ni wa kuzuia udongo, yani upande mmoja ardhi iko juu, na huu ndo naomba uuheshimu sana, kwa sababu udongo unavyozidi kwenda chini ndivyo unavyozidi kusukuma, ukuta wa kuzuia udongo ukiuongeza kimo mara mbili nguvu ya kuupindua inakuwa mara nane, na hapo bado maji ya mvua hayajajaa nyuma yake. Ukuta wa kuzuia udongo ukizidi mita moja mimi naona hiyo sio kazi ya kuchagua tofali tena, ni kazi ya kumwita injinia aje apige hesabu, usione aibu kumlipa.

Haya sasa, orodha. Naongelea kuta zisizozidi kama mita moja kutoka ardhini.

1. Tofali gumu la inchi 6

Hili ndo lisilo na tundu, limejaa lote, kipimo kinachozoeleka sehemu nyingi ni milimita 450 kwa 225 kwa 150, yani inchi 18 kwa 9 kwa 6. Kuna sehemu wanatumia la 390 kwa 190 kwa 140, sawa tu. Nimeliweka namba moja kwa sababu ya uzito wake, likiwa limebanwa vizuri linakimbilia kilo 30, na ukuta unaosimama peke yake unashindana na upepo kwa uzito na unene wake, hauna kingine cha kujitetea. Likitumbukia kwenye udongo chini hamna tundu la maji kutuama, fundi yeyote analijua, pembe ya ukuta haihitaji ujanja, juu ukitaka kuacha bila kofia nzito, yani kifuniko cha juu ya ukuta, linavumilia, na ukitaka kubakiza rangi yake bila plasta inawezekana kama umechagua zilizonyooka.

Ukuta wa inchi 6 unafika mpaka mita moja hivi kama kuna nguzo, yani ukuta unanenepeshwa mara mbili kila baada ya mita 3 na pale mwisho na mwanzo. Usimkubalie fundi anayekwambia nguzo ni mapambo. Na ukuta ukiwa mrefu acha kiungo cha wazi kila baada ya mita 6 hivi ili zege ipate pa kusinyalia na kutanukia, la sivyo itachagua yenyewe pa kupasukia.

Ubaya wake ni huo huo uzito. Kubeba tofali 100 za kilo 30 kutoka getini mpaka nyuma ya nyumba ni kazi ya watu wawili watatu wenye migongo mizima, kama bustani iko nyuma na njia ni nyembamba lifikirie hilo mapema.

Kuna ujanja mmoja ambao naupenda sana kwa tofali hili: unaweza kulilaza. Badala ya kulisimamisha kwa upana wa 150 unalilaza, ukuta unakuwa na unene wa milimita 225 na kila kozi inapanda 150. Linakula tofali nyingi zaidi, kama 14 kwa mita moja ya mraba badala ya 9 au 10, ila unapata ukuta mnene ambao kwa mita moja hauhitaji nguzo nyingi na juu yake watu wanakaa. Kwa ukuta mfupi wa kukalia bustanini sijaona kinachoushinda.

2. Tofali la matundu, inchi 6 au 8

Hili lina matundu mawili, wakati mwingine matatu, na kwa ukuta wa kuzuia udongo au unaoelekea mita moja na kidogo mimi nalitoa namba mbili nalipandisha namba moja bila kusita, ila kwa sharti moja ambalo halina mjadala: nondo zipande kutoka kwenye msingi na matundu yajazwe zege. Hapo tofali linageuka kuwa fomu tu, yani chombo cha kumiminia zege, kinachobeba ni ule mchanganyiko wa zege na nondo uliosimama ndani yake, na ukuta wa namna hiyo unazuia udongo kweli kweli. Bila nondo na bila zege ni ukuta mwepesi wenye hewa katikati, usiupe udongo wowote wa kuzuia, hata wa nusu mita.

La 390 kwa 190 kwa 190 lina uzito wa kilo 16 mpaka 18 hivi, kubeba ni rahisi, gari linachukua nyingi zaidi kwa safari moja. Ukifika yadi tazama unene wa zile kuta zake za nje. Kwa tofali la inchi 6 zisiwe chini ya sentimita 2.5, kwa la inchi 8 zikaribie sentimita 3. Wafyatuaji wengine wanapunguza hapo, matundu yanakuwa makubwa, tofali linaonekana lile lile ukilitazama kwa mbele.

Ukiangalia vizuri utaona pia upande mmoja kuta zake ni nene kuliko upande wa pili, hiyo ni kwa sababu fomu lazima itoke, sasa ule upande mnene ndo unakaa juu ili mota ipate pa kulala. Mafundi wengi wanalijua, wengine wanageuza hovyo, kasimame uangalie kozi ya kwanza.

Zege ya kujaza iwe laini inayoshuka, kokoto ndogo, na ijazwe kila baada ya kozi chache huku inachomwa na kipande cha nondo ili isibakize mapengo. Kifusi, udongo na mabaki ya mota sio zege. Na juu kabisa ufunike, matundu yakiachwa wazi mvua inaingia inashuka mpaka msingini na nyigu wanahamia.

3. Bloku za kuzuia udongo zenye kisigino

Hizi sio kila yadi utazikuta. Ni bloku nzito zinazopangwa bila mota, kwa nyuma zina kisigino kinachoning'inia chini kikashika bloku iliyo chini yake, kwa hiyo kila kozi inarudi nyuma kidogo, sentimita mbili hivi, na ukuta wote unaegemea udongo badala ya kusimama wima. Kwa tuta la maua lenye kona za mviringo nazipenda kuliko kitu chochote. Maji yanapita yenyewe kwenye viungo, ardhi ikicheza kidogo zinacheza nayo bila kupasuka, ukiamua mwakani kuhamisha tuta unazifumua unazipanga kwingine.

Msingi wake sio zege, ni kokoto iliyoshindiliwa kama sentimita 15, na kozi ya kwanza inazikwa chini ya ardhi, nusu yake au yote. Kozi hiyo ya kwanza ikikosea pimamaji basi zote zitakosea, kwa hiyo fundi akikaa nusu siku kwenye kozi moja usimkimbize. Nimeziweka ya tatu kwa sababu zina kazi moja tu, kuzuia udongo, huwezi kuzisimamisha zenyewe kama uzio, na kwenye yadi nyingi bei yake kwa mita inazidi tofali za kawaida.

4. Tofali za kufungamana

Zina meno juu na chini zinakamatana, mota ni kidogo au hakuna kabisa, ukuta unapanda haraka na unapendeza bila plasta. Uzuri wake unategemea vitu viwili. Kwanza usahihi, zikipishana kimo milimita mbili tu kozi ya nne inaanza kuyumba na huna mota ya kusahihishia. Pili zimetengenezwa na nini, maana nyingi ni udongo na saruji kidogo vilivyoshindiliwa kwa mashine, sio mchanga na saruji, na udongo ule hata uliobanwa vizuri haupendi kukaa kwenye unyevu wa kila siku, na bustani ni unyevu wa kila siku. Ukizipenda zitumie, ila kozi mbili za chini, zile zinazogusana na udongo na kurukiwa na matone ya mvua, jenga na tofali gumu la saruji halafu hizi zianzie juu, na juu kabisa weka kofia inayotokeza pande zote mbili. Kwa kuzuia udongo, hapana.

5. Tofali za maua

Zile zenye nakshi na uwazi. Hizi mtu ananunua kwa moyo na mimi simlaumu, zinapitisha upepo na mwanga, mimea inatambaa vizuri, na kwa sababu upepo unapita ukuta hausukumwi sana. Tatizo zinapangwa moja juu ya moja, viungo vinasimama mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, hamna kupishana, kwa hiyo hamna kushikana. Zitumie kama kidirisha ndani ya ukuta, kozi mbili tatu za tofali gumu chini, nguzo pembeni, waya au nondo nyembamba ya milimita 6 kwenye viungo vya kulala, na mstari wa zege au kofia juu. Zikague moja moja, vile vijiti vyake vyembamba vinakuwa na ufa ambao unaonekana tu ukilowesha maji, ufa unabaki mweusi wakati kwingine kumeshakauka.

6. Tofali la inchi 4 na inchi 5

Bei yake ndo inavuta watu. Kwa ukuta wa magotini, nusu mita kushuka chini, hamna neno, nunua kwa amani. Ukizidi hapo inabidi uongeze nguzo nyingi na karibu karibu, ukipiga hesabu ya tofali za nguzo na mota na siku za fundi unakuta ule unafuu umeyeyuka na bado una ukuta mwembamba. La inchi 5 gumu ukililaza linarudi kuwa zuri, ukuta unakuwa mnene kama ule wa kulaza inchi 6, ila kozi zinaongezeka.

7. Tofali jepesi la mapovu

Ni lile jeupe jeupe lenye vitundu vidogo vidogo ndani, kilo 400 mpaka 800 kwa mita moja ya ujazo wakati zege ya kawaida inazidi 2000, ndo maana ukilitupa kwenye maji linaelea. Kwa nyumba ni tofali zuri sana, linazuia joto, linakatwa kwa msumeno. Kwa ukuta wa bustani naliweka mwisho, linanyonya maji, pembe yake inabonyea ukiligonga na jembe au toroli, na ule uzito ambao ukuta wa wazi unautegemea haupo. Kama umebakiza kutoka kwenye ujenzi mwingine tafuta kazi nyingine ya kuzipa.

Kukagua ukiwa yadi

Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akikuangalia vibaya. Nenda na msumari wa inchi 4, futi ya kupimia na ndoo kama unaweza.

Anza na msumari. Shika tofali, weka ncha karibu na pembe, bonyeza kwa nguvu ya kawaida ya mkono halafu vuta. Tofali lililoiva linakupa mstari mwembamba mweupe, na msumari unapiga kelele unakwaruza. Tofali bovu msumari unazama, mchanga unadondoka punje punje, ukirudia mstari ule ule mara ya pili unapata mfereji wa kuingia ncha ya kidole. Fanya hivyo pembeni na katikati, na usichukue la juu ya rundo tu, omba watoe la katikati na la chini, maana ukimwagilia rundo kwa juu juu, ya katikati yanabaki makavu na ndo hayo yatakayopakiwa kwako.

Halafu gonganisha mawili. Mlio mkali wa kulia ni dalili nzuri, mlio wa kudunda ambao hauendi mbali maana yake ni bichi au limelowa au lina ufa ndani. Likiwa limelowa mvua litakudanganya, subiri likauke.

La muhimu kuliko yote omba kuvunja moja, ulipie kabisa ikibidi. Liangalie ndani. Tofali zuri rangi ya ndani na ya nje inafanana, kokoto au vumbi la mawe limeshikwa kila upande, na ukijaribu kutoa kokoto kwa kidole haitoki, nyingine zimepasuka katikati kabisa badala ya kuchomoka, hiyo inaonyesha saruji imeshika kuliko jiwe. Tofali bovu utaona mistari ya tabaka, chini pamebana na juu pana vitundu, hilo halikushindiliwa sawasawa, au utaona mabonge ya mchanga ambao haukukutana na saruji. Rangi peke yake usiitegemee, vumbi la mawe likiwa jeusi tofali linakuwa jeusi hata saruji ikiwa ya kunusa.

Chukua futi upange tofali 10 kwenye mstari zigusane, za 450 zitoe mita 4 na nusu, zikipishana sentimita mbili tatu mota yako itakuwa inaongezeka hapa na kupungua pale na ukuta usio na plasta utaonekana umevimba. Pima na kimo, hicho ndo kinaharibu kozi.

Tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji ukiache usiku mzima. Asubuhi kikitoka na kingo zake kali vile vile na maji ni masafi basi poa, maji yakiwa ya tope na pembe zinasuguka kwa kidole, hilo halifai kukaa chini ya ardhi. Ukiona unga mweupe umetoka juu ya tofali ujue kuna chumvi, kidogo unasuguliwa na brashi unaisha, ukiwa mwingi na unarudi uliza mchanga ulitoka wapi.

Halafu uliza mfuko mmoja unatoa tofali ngapi. Muuzaji atakwambia namba yoyote, ila wewe unaweza kupiga hesabu. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za saruji. Tofali gumu la 450 kwa 225 kwa 150 lina lita 15 na kidogo. Mchanganyiko wa moja kwa nane, ndoo moja ya saruji kwa nane za mchanga, unakula lita 280 za mchanga, na saruji inaingia kwenye nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, kwa hiyo unapata tofali kama 18 za inchi 6. Akikwambia mfuko unatoa 30 ameshafika moja kwa kumi na tatu hivi, na akikwambia 45 hayo ni matofali ya mchanga uliopakwa saruji. Za matundu zinatoka nyingi zaidi kwa mfuko kwa sababu karibu nusu yake ni hewa, usizilinganishe na gumu.

Sehemu zenye wafyatuaji wakubwa wanaandika nguvu ya tofali kwa nyutoni kwa milimita ya mraba, ukiona 7 na kuendelea hiyo inatosha kabisa kwa bustani, hata kozi zilizozikwa. Ya 3 na nusu itumie juu ya ardhi tu.

Kuhesabu ngapi

Usihesabu kwa mita za mraba tu ukasahau zinazozikwa. Tuseme ukuta wa mita 6, juu ya ardhi kozi 4 za tofali la 450 kwa 225, ukijumlisha mota ya sentimita moja unapata karibu sentimita 94. Kila kozi inakula tofali 13. Chini ya ardhi kozi 2 juu ya msingi wa zege. Hizo kozi 6 ni tofali 78. Nguzo tatu, mbili za mwisho na moja katikati, kila moja inaongeza tofali moja kwa kozi, hizo 18, unafika 96. Ongeza za kuvunjika na za kukatwa, asilimia 5 mpaka 10, nunua 105. Kwa kilo 30 kila moja huo ni mzigo unaozidi tani 3, kwa hiyo kigari kidogo cha tani moja kitakuja zaidi ya mara tatu, uliza bei ya usafiri kabla hujashangilia bei ya tofali.

Msingi wenyewe upana wake uwe mara mbili mpaka tatu ya unene wa ukuta na ukae kwenye ardhi ngumu, sio kwenye ule udongo mweusi wa juu wa kupandia. Mota isiwe kali kuliko tofali, moja kwa tano inatosha, ikizidi nguvu ufa utapita katikati ya tofali badala ya kwenye kiungo ambapo ungeuziba kirahisi. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji chini, kila mita moja au moja na nusu, na nyuma yake mwaga kokoto kabla ya kurudisha udongo.

Nunua zote siku moja kutoka rundo moja, ukirudi mwezi ujao kuchukua 20 zilizopungua utakuta mchanga umebadilika na rangi imebadilika na pengine fomu nayo imepanuka. Zishushwe kwa mkono, gari likizimwaga hata nzuri zinapata ufa usiouona. Zipange juu ya mbao sehemu iliyonyooka, funika juu na nailoni. Kama umepata za siku tatu nne kwa bei nzuri na mengine yote yako sawa, chukua, ila uziendeleze mwenyewe, mwagilia asubuhi na jioni mpaka zitimize siku 7, funika, halafu ziache zitulie mpaka siku 28 zipite ndo umwite fundi. Siku ya kujenga zinyunyizie kidogo tu kama jua ni kali, usiziloweke kama tofali za kuchoma, maana zikijengwa zimelowa chapa zitasinyaa zikiwa ukutani.

Zile tano sita zitakazobaki usizigawe, ziweke pembeni ya ukuta, siku toroli likigonga pembe utakuwa na tofali la rangi ile ile la kubadilishia.